Pingili Tisa

Riziki wa Wete kaniletea pingili tisa za mwasumini,
kazifunga kwenye kipande cha kanga kilichorowa,
ndani ya mfuko uliokuwa bado wanukia kaimati.
"Kata chini ya fundo, mshazari. Kisu kiwe kikali.
Mchanga usiwe wa pwani, chumvi haina huruma.
Maji kidogo, kivuli kingi. Kisha ziache.
Wanisikia, Kazija? Ziache."

Sisi wa ghorofa ya tano, Michenzani, hatuna uga.
Tuna kiroshani cha upana wa mkeka mmoja,
kamba ya nguo, na jua la alasiri lisilopiga hodi.
Maji hupanda kwa ndoo, na ndoo hupanda kwa magoti yangu.

Nikatoboa makopo ya maziwa kwa msumari,
nikafunika kila pingili kwa chupa iliyokatwa kitako,
zikatoa jasho humo ndani
kama mabiharusi waliocheleweshwa kufunuliwa.

Siku ya nne nikaing'oa moja, niione mizizi.
Hamna. Nyeupe, laini, kama kidole kilichofua mchana kutwa.
Nikairudisha. Siku ya sita nikaing'oa tena.
Na kila usiku nikimpigia Zume,
aliyeolewa Tanga Mfungo Mosi:
"Ushakula? Mkweo anakusemesha? Mbona sauti yako hivyo?"
"Mama, si umenipigia adhuhuri?"

Mbili zikaoza. Moja ikaparurwa na paka wa jirani.
Tano nilizifukunyua mwenyewe, kwa kijiti cha mshikaki,
nikisema bismillahi
kama kwamba bismillahi ni ruhusa ya kufukua.

Ya tisa sikuihesabu. Kopo lake nililisukuma nyuma ya mtungi wa gesi
siku ya kufua mapazia,
nikalisahau, wala sina udhuru.

Leo nimeinama kuokota kibanio cha nguo
nikaliona: jani jipya, limejikunja,
dogo kuliko ukucha wa mtoto asiyefika arubaini,
linang'aa nyuma ya plastiki yenye ukungu.

Mkono ukaondoka peke yake. Nikaurudisha.
Nikakaa sakafuni, nikaikalia mikono yote miwili,
mtu mzima mie,
kama mtoto aliyewekwa karibu na sahani ya halua ya wageni.

Ndani, simu ikalia, mlio niliomwekea Zume.
Leo ndiye apigaye.
Nikaiacha ilie mara tatu,
kwanza.