Chumba cha Jibini

Iisalmi, Januari, digrii ishirini na sita chini ya sifuri.
Eevamaija ameiweka ankara mezani
kwa ncha za vidole, kama samaki aliyeoza.
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
lakini hili wingu letu la kukodi
miaka sita limenyesha madeni tu.
«Tunalipa», anasema, «hata ng'ombe wakilala».

Ushirika wetu ni wa maziwa.
Wakulima mia mbili na kumi na mmoja,
kila mkamuo una saa yake, lita zake, mafuta yake,
na namba zote hizo zilikaa Frankfurt, au Dublin,
nani ajuaye. Ukiuliza ziko wapi
unajibiwa: kwenye eneo.
Kama vile eneo ni mahali.

Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Basi nikaambiwa mimi: zishushe.

Mashine nne, za benki iliyofungwa Kuopio.
Pentti Tossavainen alizileta kwa lori la maziwa
katikati ya madebe matupu,
amezifunika blanketi la farasi.
Tukazishusha ngazini, yeye akienda kinyumenyume,
akitukana taratibu, kwa adabu,
na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi hii
data iliniumiza mgongo.

Chumba ni kile walichoivishia jibini.
Kuta bado zina uchachu wake.
Unyevu nimeupima mara tatu, mara ya nne kwa wasiwasi.
Rafu za mbao tuling'oa zote ila moja:
Pentti alisimama mbele yake, hakusema kitu,
kisha akasema ilichongwa na baba yake.
Nimeweka swichi juu yake. Imetulia, haiyumbi.

Kati ya mkamuo wa jioni na wa alfajiri
nilikuwa na saa tisa.

Saa nane usiku seva ya takwimu iligoma.
Pepe tangu kuzaliwa, haikuwahi kugusa chuma.
Ilikuwa imezoea diski ya kuigiza, kadi ya kuigiza,
dunia nzima iliyonyooka, isiyo na vumbi;
sasa nimeipa mwili, nao mwili hauutambui.
Inaamka, inapapasa, inauliza: diski yangu iko wapi?
Ipo, mama. Ipo hapa, naishika, ina joto.
Inazima. Inaamka. Inauliza tena.

Nikakaa sakafuni na koti langu.
Nikaifundisha kimoja kimoja
majina ya viungo vyake vipya,
hiki ni kidhibiti, hii ni njia, huu ni mlango,
kama yule muuguzi wa Kajaani
aliyemfundisha mjomba wangu mguu wa bandia
na ambaye hakuwa na haraka hata kidogo.

Saa kumi na dakika arobaini ikasimama.
Sikushangilia. Niliogopa kupumua karibu nayo.

Saa kumi na moja kasoro dakika saba
Raili Hyvärinen wa Sonkajärvi, asiyelala,
akatuma rekodi ya kwanza:
Mansikki, lita kumi na moja nukta nne.
Nikaiona ikifika. Namaanisha nilikiona
kitaa cha kijani, kidogo kuliko punje ya mtama,
kikipepesa mara mbili kwenye diski ya tatu.
Maziwa yale yalikuwa bado na mvuke ndooni.

Winguni kitu kikiharibika, tulilaumu wingu.
Hapa bomba likipasuka, panya akitafuna waya,
ufunguo uko mfukoni mwangu na jina langu liko mlangoni.
Nimekwisha kuota moto mara mbili.
Eevamaija ananiuliza kama najuta.
Namwambia aniulize Machi, theluji ikiyeyuka.

Pentti huingia kila asubuhi bila kubisha.
Amegundua kwamba nyuma ya mashine ya pili
hewa hutoka ya moto, na kavu.
Anatundika glovu zake pale, anakunywa kahawa amesimama.
Nilitaka kumkataza, kuna kanuni, nimeziandika mwenyewe.
Jana nikaleta na zangu.