Mwenye Nyumba

Misimu saba nimesimama kwenye mizani ya ghala
nikiandika kilo za korosho za watu wengine,
vumbi la magunia likinijaa puani,
na misimu saba nimeweka, nimeweka,
mpaka karani wa benki ameanza kuniita Mama.
Milioni kumi na saba na laki mbili.
Nimeziandika kiganjani, nikazinawa, nikaziandika tena.

Kiwanja ninacho, Mangamba, ishirini kwa ishirini na tano.
Msingi huu mwaka wa tatu unaota mbigili,
na mbuzi wa Mwanashuru wanaulalia
kama wao ndio walioumwagia zege.

Lakini Injinia Eliudi wa gesi anahama.
Anauza Subaru yake ya bluu.

Nani kasema mwanamke hatamani mwendo?
Mimi tangu Nanyamba nilikuwa nashuka mteremko
kwa baiskeli ya baba isiyo na breki,
nyayo zangu ndizo breki,
na kovu la goti hili ndilo cheti.

Jumamosi akanipa ufunguo nijaribu.
Mikindani tukapita polepole, matuta, watoto, bodaboda,
kisha barabara ya Lindi ikafunguka
nami nikakanyaga.
Aisee.
Mikorosho ikawa ukuta mmoja wa kijani,
bomba la nyuma likangurumia uti wa mgongo wangu,
nikasahau kilo, nikasahau kodi,
nikasahau jina la aliyenioa akaniacha.
Injinia kashika dashibodi kwa mikono miwili:
"Dada Somoe, hiyo ni mia na arobaini!"
Najua. Namba ndiyo kazi yangu.

Mama akasema kwenye simu:
"Gari, mwanangu, haliwekwi matanga.
Nikifa mimi, watu utawakalisha wapi, kwenye buti?"
Nikamjibu nyumba nayo haikimbizi mtu Ligula usiku.
Akanyamaza.
Akaniuliza kama nimekula.

Dada akapiga hesabu ya tofali,
shemeji akapiga hesabu ya petroli,
hesabu yangu mimi hakuna aliyeipiga.

Jumapili nikaenda Shangani na bahasha,
laki tano, kishika uchumba.
Injinia akafungua banda:
sakafu ya saruji, bati jipya, taa mbili,
na gari limefunikwa shuka la maua
safi kuliko langu.
Nikasema nitarudi kesho.

Usiku ule mvua ikanikuta Chikongola, chumbani kwangu.
Nilihamisha kitanda mara mbili, ndoo mara tatu,
na alfajiri mwenye nyumba akagonga:
"Kodi, Somoe. Na nasikia unanunua gari.
Uani kwangu haliingii, nikwambie mapema."
Nikabaki nimeshika komeo.
Gari lina chumba. Mimi nina ndoo.

Sijui kama huo ni uamuzi au ni hasira tu.
Nimeagiza tofali elfu mbili.
Fundi Nnunduma akapima, akakuna kisogo:
"Pengo hili la kulia, futi kumi, mama,
mlango wa ng'ombe?"
Wewe acha tu, nikamwambia. Liache hivyo hivyo.

Subaru ilinunuliwa na kijana wa Masasi.
Siku moja ilipita nyuma ya ghala
nikaijua kwa sauti kabla sijainua kichwa,
kama unavyokijua kikohozi cha mtu wako wa zamani.
Nikakosea kilo za gunia zima, nikaandika upya.

Jana jioni nilikwenda Mangamba peke yangu,
nikapindua ndoo ya zege, nikakaa katikati ya pengo,
mikono kwenye usukani usiokuwepo.
Nikapita Mpapura. Nikapita Mnazi Mmoja.
Nilikuwa naingiza gia ya tano
tochi ya jirani iliponimulika usoni:
"Nani huyo hapo?"

Nikapunguza mwendo kwanza.
"Mwenye nyumba," nikasema.