Kibali cha Kukata Mlima

Kabla tingatinga halijagusa mlima hapa Amerat
sharti karatasi zipite mezani kwangu:
mchoro wa mteremko, maji yataelekea wapi,
kitambaa cheusi cha kuzuia udongo kitafukiwa kina gani,
kokoto za mlangoni zipanguse matairi ya malori
yasiutoe mlima kidogo kidogo hadi barabarani.
Kurasa tisa. Muhuri mmoja, wa buluu.

Badr mkandarasi, ambaye Kiswahili hukitoa kwa mzaha tu,
alizipima kurasa kiganjani kama anayenunua samaki.
"Mvua ya mwisho ilinyesha mwanangu hajaota meno.
Sasa ananijibu."
Nikamwambia, usipoziba ufa...
"Nitajenga ukuta," akanikata, "na kujenga ukuta, binti,
ndiko kunakonilisha."
Nilicheka, sikatai.
Kisha nikamrudishia kurasa zake, hazina saini.

Alitii mara ya tatu. Kiwanja 214.
Kazi ya kitambaa akapewa Shofiqul, kibarua wa Bangladesh.
Siku ya ukaguzi nilimkuta ndani ya mtaro.
Mchoro ulidai shubiri; yeye kachimba dhiraa.
Kwa Kiarabu chake cha saruji na misumari
alinieleza kwamba kwao mto ulianza kula jiko,
halafu shule,
halafu kaburi la baba yake.
Akaukanyaga udongo juu ya pindo la kitambaa.
Akaukanyaga tena.
Nikaandika: Inaridhisha.
Fomu haina neno kubwa kuliko hilo.

Kiwanja 216 ni cha Muhenna, mtoto wa mama mdogo.
Huyu hakuja ofisini. Alikuja nyumbani, Ijumaa,
na sahani ya vileja imefunikwa kawa.
"Dada, ule mlima ni mawe matupu,
utamomonyoka nini?"
Kiswahili cha jikoni, kilekile
alichonifundishia kuendesha baiskeli.
Nilisaini juu ya goti. Sikwenda kutazama.
Muhuri ulikuwa mkobani,
na wino haujui siku ya kazi na siku ya mapumziko.

Jumanne usiku wingu lilisimama juu yetu, halikuondoka.
Wadi, ambayo mwaka mzima ni maegesho ya magari
na goli la watoto la mawe mawili,
ikakumbuka kazi yake.

Asubuhi, kitambaa cha 214 kilikuwa kimefura
kama shavu la mwenye jino bovu,
tope limejaa nyuma yake hadi kiunoni, halikupita.
Shofiqul alikuwa akilichota na koleo, bila haraka.
Hatua arubaini mbele, mlima wa Muhenna
ulikuwa umeshuka kwa Bi Shinuna.
Umepanda kitandani, umelala kwenye godoro,
umefungua kabati, umesoma hati zote za nyumba.

Hakufa mtu. Kila anayenipigia simu huanza na hilo.

Bi Shinuna alikaa kizingitini na birika lake la kahawa.
Akaligeuza, akaligonga chini,
likatoka birika jingine, la udongo,
lina mdomo, lina shingo.
Akalitazama sana.
"Mwanangu," akaniuliza, "nani aliwaruhusu?"

Sikujibu. Nilivua viatu nikaingia na ndoo.
Baadaye nikasikia koleo la pili chumbani,
na mtu akikohoa kwa lugha nisiyoijua.
Sikumwita. Hakuna aliyemwita.

Sasa ni saa tano, ofisi imepoa.
Kucha zangu bado zina Kiwanja 216.
Fomu ya ukiukaji, pale penye jina la mkosaji,
imeachiwa mstari mmoja tu, mfupi.
Nimebana herufi.
Tumeenea wawili.