Alivyomlilia Mume kwa Hesabu

Filamu ya kwanza, Ambili hakujua Kitelugu hata cha kuombea maji.
Walimpa kurasa tatu za maombolezo,
akazirudisha kwa mikono miwili, kwa adabu,
na kamera ilipowaka akapiga magoti katika damu ya rangi
akamlilia mumewe kwa tarakimu:
onnu, randu, moonnu, naalu,
moja, mbili, tatu, nne, za kwao Kerala,
na machozi yakimtoka ya kweli kabisa.
Alipofika kumi na saba, akazimia.

Midomo hiyo nililetewa mimi, Hyderabad,
katika kijumba kisicho dirisha, kuta zimevikwa magodoro,
maji ya uvuguvugu, asali,
na fundi mitambo Yadagiri anayetafuna karafuu.
Kazi yangu, kuitafutia kila namba neno la kuingia.
Kwenye tatu midomo hufumba: nikatia mauti.
Kwenye nne kinywa huachama: nikatia jina la marehemu.
Kumi na saba niliiachia pumzi tu.

Walilia Warangal, wakalia Guntur.
Tuzo akapewa yeye. Akapanda jukwaani,
akaunganisha viganja kifuani, akashuka
bila neno.

Miaka kumi na mmoja tumekuwa mtu mmoja
ambaye hajawahi kukutana.
Kochi husema mwenyewe,
kwa ile sauti nzito ya binti wa mgema mpira.
Chennai husema nusu, nusu wanamsahihisha.
Bengaluru yuko Shantala; tulipigiana simu mara moja,
tukaulizana hali ya koo kama wake wenza.
Huku ni mimi, Suvarchala.
Nimemkoholea. Nimemzalia mapacha.
Nimemtukania mama mkwe hadi jasho likanichuruzika.
Alipofiwa na baba nilijua kabla ya magazeti:
katikati ya harusi ya kuigiza, taji la maua shingoni,
pumzi zake zilikuwa zimepungukiwa na kitu.
Sikukijaza.

Halafu ikaja filamu ya kumi na nne.
Yadagiri akarudisha picha nyuma, akairudisha tena.
Namba hazipo.
Midomo inasema maneno, yale yale ya kwenye karatasi,
kwa mpangilio wake, herufi moja tu imepinda.
Nikavua hedifoni.
Wee mwanamke, nani anakufundisha usiku?

Filamu iliyofuata sikuitwa.

Nikakata tiketi kwa hela yangu, safu ya nyuma.
Akafungua kinywa. Kitelugu kikatoka
na udongo wa shamba la mpira miguuni,
kinajikwaa, kinainuka, kinakwenda.
Kijana wa mbele yangu akamnong'oneza mkewe:
"Hii si sauti yake. Wamemwekea mtu."
Ningemgusa bega. Ningemwambia moja tu,
angegeuka akaona Ambili mnene, mwenye mvi, na mfuko wa dawa.
Wivu nao ulikuja, sikuufukuza;
ukaketi kiti cha pembeni
tukamsikiliza sote wawili.

Na kilio kilipofika
(watu hawa hawachoki kumuua mume)
hakuhesabu.
Alisema, "Umeniachia mlango wazi,"
maneno ambayo mimi ningeyapandisha juu, yapasuke,
yeye akayaweka chini kama mtu anayetua ndoo.
Niliyehesabu ni mimi, kinywa nimekifumba.
Nilifika tisa, nikapotea.

Mapumziko, nikatoka kununua karanga.
"Za rupia ishirini," nikasema.
Muuzaji akainua kichwa ghafla,
akalitazama bango kubwa ukutani,
akanitazama mimi,
karanga zikimmwagikia miguuni.