Tisini na Nne

Ghorofa ya tatu, Luthuli, saa nne asubuhi.
Chini yetu spika za maduka zinapimana vifua,
na mimi nimepiga magoti chini ya meza ya Gichuhi
nikiutafuta mkia wa kebo kwenye vumbi.

"Kampuni ya mtandao inatuibia," ananiambia.
"Harusi ya gigabaiti arobaini,
kutoka hapa hadi kwa yule"
(jina halitaji, kidevu ndicho kinachoelekeza ukuta)
"saa nzima! Bibi harusi atajifungua
kabla hajaona keki yake ikikatwa."

Namwambia: mzee, kampuni haimo.
Safari hii haifiki hata dirishani.
Ni mita kumi na mbili, juu ya dari,
kutoka kompyuta yako hadi ya ndugu yako.
Kwa neno hilo, ndugu, ananyamaza.
Ukuta ni plaiwudi. Waliusimamisha mwezi wa Machi.

Kupima ni hivi.
Kompyuta moja inawekwa kusikiliza,
haina kazi nyingine, mlango wazi.
Ya pili inasema, sekunde kumi, kwa pumzi yake yote,
na inayoyasema hayana maana:
si picha, si sauti, si hesabu ya mtu,
ni data tupu, inamiminwa,
ikifika inamwagwa. Hubaki idadi.
Ukimtanguliza msemaji kabla ya msikilizaji
unajibiwa: muunganisho umekataliwa.

Naenda upande wa pili. Kamande ananisogezea kiti
bila kuuliza nimetoka kwa nani.
Kwenye kioo chake mama mkwe wa mtu
ameganda katikati ya kigelegele.
Naiacha mashine yake ikisikiliza. Narudi.
Nagonga ukuta: tayari?
Kamande anajibu kwa kugonga mara mbili,
na Gichuhi anashtuka kama aliyeguswa begani.

Tisini na nne.
Tisini na nne.
Tisini na tatu nukta tisa.
Tisini na nne.

Mwingine angeona nambari. Mimi nimeona waya.
Kebo nzima ingesema mia tisa arobaini na kitu.
Inayosema tisini na nne, mfululizo, bila kutetereka,
ni kebo ya nyuzi nane iliyopoteza mmoja,
mashine zikakubaliana kimyakimya
kuishi kwa zile nne za lazima.
Haikatiki. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku.
Taa ya tunduni inawaka, ya chungwa badala ya kijani,
na nani huikagua taa inayowaka?

Napanda stuli, nainua kigae cha dari.
Joto, giza, mavi ya panya.
Nilitarajia meno. Nakuta msumari,
mrefu, mpya bado, wa kuushikilia ule ukuta juu,
umepenya ubavuni mwa kebo
na kuukata uzi wa kahawia.

"Msumari wa nani?" Gichuhi anauliza kutoka chini.
"Msumari wa nani?" inauliza plaiwudi.
Nawajibu wote wawili kwamba napima kasi, sipimi misumari.

Nakata palipojeruhiwa, nazivisha ncha vichwa vipya:
nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani,
buluu, nyeupe-buluu, kijani,
nyeupe-kahawia, kahawia,
nikizitamka kama mtoto anavyotaja siku za wiki.
Kiungo kinalia tik. Na tena tik.

Mia tisa arobaini na moja.

Harusi ikavuka kwa dakika zisizotimia sita.
Gichuhi alilipa nusu, noti, moja moja.
Kamande alilipa nusu, kwa simu,
ujumbe ukaingia nikiwa bado nazihesabu zile noti.
Risiti niliandika moja, majina mawili,
kisha sikujua niiache meza ipi.
Niliiweka juu ya printa, kule koridoni,
maana printa hawakuweza kuigawa.
Nikashuka ngazi kwenye kelele za spika.
Sikungoja kuona nani angetoka kwanza.