Chaneli ya Farasi

Talcahuano, Jumapili ya Julai,
mvua inapiga mabati kama mdai aliyechoka kubisha hodi.
Nimewasha jiko la mafuta ya taa, moto mdogo,
juu yake maganda ya chungwa
ili nyumba inukie chochote kisichokuwa mafuta.

Nolberto amemwaga risiti mezani.
Zimetoka kwenye kopo la biskuti, kwenye mifuko ya makoti,
moja ilikuwa alama katika kitabu cha Ayubu.
Nyingine zimefifia, zimekuwa karatasi tupu:
wino wa duka hufutika upesi kuliko deni la duka.

"Soma," anasema. Ana penseli ya seremala,
bapa, ameichonga kwa kisu cha jikoni.
Daftari ni la Maite, la hesabu za darasa la nne,
kurasa alizobakiza.

Mkate, kilo moja kila siku.
Gesi, mtungi na nusu.
Nauli. Dawa za presha.
Viatu vya shule, awamu ya tisa kati ya kumi na mbili;
miguu ya Maite ilivikataa tangu awamu ya tano.
Kadi ya duka: kima cha chini.
Miaka minne nalipa kima cha chini
na deni limenawiri, limetoa mashavu,
utadhani nina mtoto wa pili ninayemlisha gizani.

Wanasema dawa ya deni kulipa.
Hawakutaja dozi.

Kwenye bima anasimama. Bima ya simu.
Simu ipi?
Ile iliyotumbukia kwenye beseni la kufulia, mwaka juzi.
Tunacheka.
Kisha tunazidisha mara miezi ishirini na miwili
na hatucheki.

Basi nami nasema, macho kwenye jiko:
"Kuna laki moja na nusu ya Yasna."
"Ya nini?"
"Harusi ya kaka yako. Gauni, zawadi, keki ile."
Harusi yenyewe ilivunjika Machi.
Deni lake lina afya njema.

Nilingoja agombe. Aliandika tu *Yasna*,
akapigia mstari mara mbili, akamweka juu ya benki,
kwa sababu benki hainijui
lakini Yasna hunichekea sokoni kila Alhamisi
na hajawahi kuuliza.

Halafu televisheni. Kifurushi kikubwa,
chaneli mia na themanini.
"Sisi tunatazama ngapi?"
"Mbili. Na mvua."
"Nani alikitaka?"

Anajua. Ni baba yake, mzee Eleuterio,
wa kiti kile chenye mkono uliochubuka,
aliyetazama mbio za farasi kila alasiri,
akiweka dau la njiti za kiberiti,
akishindwa, akicheka, asidaiwe na mtu.
Tulimzika majira ya baridi ya juzi.
Na kila mwezi, kwa elfu kumi na tisa,
farasi wake wanakimbia mbele ya kiti kitupu.

Penseli imelala.
Nimekoroga chai isiyo na sukari, nikaikoroga tena.
Nolberto anachukua rimoti, anabonyeza namba
bila kuitafuta; kidole kinaikumbuka.
Uwanja wa matope. Huko nako kunanyesha.
"Chagua," ananiambia.
Nachagua wa kijivu. Yeye, nambari sita.
Dau: njiti mbili.

Wa kijivu bado anakuja.

Jumatatu akapiga simu. Binti wa kampuni
akataka sababu, ana kisanduku cha kujaza.
"Mwenyewe amehama," Nolberto akasema,
akashukuru, akakata.

Elfu kumi na tisa, na ile ya bima,
sasa zinapanda juu ya kima cha chini.
Si nyingi. Mtu hujikuna ajipatapo.
Kwa penseli ni miaka miwili na miezi saba,
kama jiko halitaharibika, nalo tayari linakohoa.

Usiku nilifungua daftari nione kama tulikosea kujumlisha.
Chini kabisa, baada ya benki, baada ya duka,
kwa mwandiko wake mzito, safu ya madeni:
*mke wangu, njiti mbili.*