Ukurasa wa Gurudumu

Tangu Pasaka daftari lina ukurasa wa gurudumu.
Kushoto, kilichoingia:
franka mia mbili za meka ya mwisho ya unga,
mia tano alizosahau Kapya mfukoni mwa bwelasuti
(alizisahau, nami sikumkumbusha).
Kulia, kilichotoka,
na upande huo haujawahi kukosa kazi.

Haba na haba, wanasema.
Hawasemi kibaba chenyewe kina tundu.
Julai, kikohozi cha mama mkwe.
Agosti, kodi ya meza yangu sokoni Kenya.
Septemba, shule,
na Septemba haina adabu, inakula na sahani.
Mwadi hulichukua kopo asubuhi,
analitikisa sikioni kama fundi wa redio:
"Mama, leo limepungua sauti."

Watu huenda Jumapili. Sisi tulikwenda Jumatano,
siku bei inaposhuka
kwa sababu hakuna wa kumvalia vizuri.
Kwa miguu toka Katuba, tukivuka reli,
bukari imefungwa kitambaani ingali moto,
tomson wanne wa kukaanga,
munkoyo ndani ya chupa ya mafuta
iliyooshwa mara tatu na bado inakumbuka mafuta.
Kule ndani soda moja ni meka nzima ya unga.

Walio chini ya miaka mitano hawalipi.
Wiki mbili tulifanya mazoezi, mimi na mapacha,
jioni, baada ya sala.
Mlangoni mlinzi akainama:
"Una miaka mingapi?"
"Minne," akasema Kyungu, bila kupepesa.
"Na wewe?"
Kabange, ambaye hajawahi kudanganya hata kuku:
"Sita."
Mlinzi akawatazama. Sura moja, kaptula moja,
pengo moja la jino.
"Mama, hawa mapacha walipishana miaka miwili njiani?"
Kapya akainama kufunga kamba za kiatu kisicho na kamba.
Nikamlipia mmoja. Wa pili akapita kwa kicheko cha mlinzi,
na kicheko kile sikukiandika,
sikujua kinakaa upande gani.

Pesa ilitosha viti vitatu, mzunguko mmoja.
Sisi wakubwa tulibaki chini, tumeshika viatu.
Wakapanda. Wakafika juu kabisa.
Umeme ukakatika,
kama kawaida yake, bila hodi.
Muziki ukafia katikati ya neno.
Fundi akakimbilia jenereta, jenereta ikadai mazuti,
kijana akatumwa na dumu, akitembea,
akitembea jamani!

"Shikeni chuma!" nikapiga kelele.
"Msitazame chini!"
Wakatazama chini, na kila mahali.
"Mama, naona bomba la moshi!
Naona mlima wa mavi ya shaba, kumbe ni mdogo!
Naona bati letu, lile lenye tairi juu!"
Na Kyungu, mwenye miaka minne:
"Mimi naona kopo letu, ndani ya nyumba!"

Kapya akatazama saa.
"Wa Jumapili hupata dakika nne," akanong'ona.
"Hawa wanakimbilia kumi na tano."
Nikamwambia anyamaze, watoto wananing'inia hewani.
Lakini moyo, aibu yake,
ulikuwa unatetemeka na kupiga hesabu kwa pamoja.

Umeme uliporudi watu walipiga makofi
kama vile umeme ni mgeni rasmi.
Mwadi alishuka akiwa kimya.
Njia nzima aligeukageuka kulitafuta gurudumu nyuma ya miti,
na alipolikosa akaniuliza
kama yule kijana wa dumu analipwa kwa siku.

Usiku nililifungua daftari, nikalifunga.
Kopo lilikuwa tupu mezani, mdomo wazi.
Bega lilikuwa bado linaniuma:
kutoka reli hadi nyumbani nilimbeba Kabange amelala,
na mgongoni alikuwa na miaka sita kamili,
hakunipunguzia hata mmoja.